Sauti ya Simu ya Mama

Maxine Stathers alizaliwa Hull, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, akalelewa Hull, akala kofi lake la kwanza na busu lake la kwanza papo hapo Hull, na alipofikisha miaka thelathini na sita akatafutiwa mwalimu London wa kumfundisha kusema kama mtu wa Hull. Ukitaka kucheka, cheka. Yeye mwenyewe alikuwa hacheki.

Mambo yalianza vizuri tu. Televisheni ilitaka kutengeneza mchezo wa vipindi sita kuhusu wanawake wa mabanda ya samaki, wale waliosimama kutwa kucha mbele ya meza za baridi, kisu mkononi, wakipasua samaki walioshushwa na meli za uvuvi. Maxine alikuwa na miaka kumi na mitano London akiigiza mabibi wa majumba makubwa na wake za madaktari, na nafasi za namna hiyo zilikuwa zinazidi kuadimika. Alipoitwa kwenye usaili, mwongozaji wa mchezo alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza, "Wewe kwenu hasa ni wapi?"

"Hull."

"Hull yenyewe?"

"Barabara ya Hessle. Mama yangu kapasua samaki miaka kumi na tisa."

Mwongozaji akapiga meza kwa furaha. Hakutaka hata kumsikiliza zaidi. Papo hapo akampa nafasi ya Peg, kiongozi wa wanawake wote wa bandani, nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kuota.

Wiki iliyofuata waigizaji wakakaa kuzunguka meza ndefu kusoma mchezo kwa mara ya kwanza. Maxine akafungua mdomo. Kilichotoka, Mungu amsitiri, kilikuwa kichekesho. Alipiga kelele puani, akavuta maneno kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda, na ile "o" ya Hull, ambayo watu wa kwao huitamka kwa kukaribia "e", yeye aliitoa kama mtu aliyekanyaga msumari. Fundi mmoja wa umeme, mtu wa Hull, alikuwa juu ya ngazi akifunga taa. Akageuka.

"Huyu dada katokea wapi?" akauliza. "Maana kama anatukejeli, aseme tujue."

Watu wakaangua kicheko. Maxine naye akacheka, akasema koo linamsumbua tangu jana. Uso ulikuwa umemwiva.

Baadaye mwongozaji akamvuta pembeni. "Wiki tatu," akasema. "Nitakupa mwalimu. Ikishindikana nampa Peg mtu mwingine, na sitaki tuje tukosane."

"Naomba watu wasijue," alisema Maxine. Ndilo jambo pekee lililomjia.

Sasa, lafudhi haipotei hivi hivi kama mwavuli. Maxine alienda chuo cha maigizo akiwa na miaka kumi na minane, na huko walimwambia siku ya pili tu kwamba kwa mdomo ule ataigiza watumishi maisha yake yote. Wakampa kizibo cha chupa akibane kwa meno, asome mashairi kila asubuhi mbele ya kioo. Miaka miwili baadaye Hull ilikuwa imeng'oka na mizizi yake, na Maxine alisikika kama msoma taarifa ya habari. Alifurahi. Tusimsingizie kwamba alilazimishwa. Alifurahi kabisa, na akienda likizo alimsahihisha mama yake mezani.

Kitu kimoja tu alikihifadhi cha kwao, nacho kilikuwa kichekesho cha kwenye karamu. Mama yake, Avril, kama wanawake wote wa mtaa ule, alikuwa na sauti mbili: ya nyumbani, na ya simu. Ile ya simu ilivaliwa kama kofia ya kanisani, kwa ajili ya daktari, mwalimu mkuu na watu wa baraza la mji. Maxine alikuwa akichukua kiatu, anakiweka sikioni, anabana midomo: "Nyumbani kwa Stathers. Ni nani mwenzangu anayezungumza, tafadhali?" Kisha anajijibu kwa sauti ya Noreen, jirani wa ukuta mmoja: "Ni mimi tu!" Na hapo ile sauti ya heshima inaporomoka yote: "Aa, ni we! Unanitia roho juu bure, n'kadhani mtu wa maana!" Watu walikuwa wanagaragara. Aliombwa kichekesho kile kila karamu, mwaka baada ya mwaka. Kwa kicheko kile alipata marafiki, na hata mpenzi mmoja au wawili. Hata siku ya mahafali alikifanya, chumba kizima kikajaa vifijo, na punde mama yake akaingia, amefika kwa basi kutoka Hull, anacheka, mikono mitupu. Keki, alisema, ameisahau kwenye basi.

Na Peg aliyemtoa pale mezani, mbele ya fundi wa umeme, alikuwa ni yule yule mama wa kwenye kiatu. Hakuwa na Hull nyingine ndani yake.

Mwalimu aliitwa Hester Quayle, mama aliyekwisha kupita makamo, mzaliwa wa huko kusini kwenye bustani zilizopunguzwa kwa mkasi. Aliishi ghorofa ya tatu na paka mmoja mnene, na makasha ya viatu yaliyojaa kaseti. Alimsikiliza Maxine akisoma ukurasa mmoja, akainua mkono.

"Imetosha, mama. Huyo si mtu. Huyo ni mtu anayechekwa."

Maxine akaziweka karatasi mezani.

"Mimi sifundishi mji," aliendelea Bi Hester. "Mji hauna mdomo. Nafundisha mtu mmoja. Kaniletee mtu: mwanamke, miaka sitini hivi, aliyefanya kazi na samaki. Mnase sauti akiwa anapiga soga zake na wenzake. Usimwambie kabla unasikiliza nini, maana akijua atabadilika. Ruhusa utamwomba baadaye, na ni lazima umwombe. Na kaseti usiisikilize peke yako. Tutaisikiliza pamoja, hapa. Unamjua mtu wa namna hiyo?"

Hapo ndipo mtu mwenye haya ya kawaida angesema, namjua, ni mama yangu mzazi. Maxine alisema, "Nitatafuta."

Akapanda treni Jumamosi. Hull ilikuwa na upepo wake, na mama yake alikuwa mlangoni na aproni safi.

"Karibu, Maxine," alisema Avril. "Natumaini safari yako ilikuwa njema. Tafadhali vua koti, utapata joto."

Ndiyo, sauti ya simu. Ana kwa ana, mlangoni, kwa mwanawe wa kumzaa. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, tangu mwisho wa chuo au karibu na hapo. Maxine hakuwahi kushika tarehe. Alijiambia ni uzee. Mara nyingine alijiambia mama amekuwa na majivuno kidogo, na kwamba hilo si baya. Kuuliza hakuuliza. Mtu anapojitia hamnazo kwa muda mrefu, mwishoni huona kweli hajui.

Lakini safari hii alikuja kuchukua kitu, na kitu hakitoki. Alijaribu kumchokoza. Akataja mbwa wa nyumba ya tatu aliyemrarua Avril soksi mwaka juzi. "Ni mnyama msumbufu, kwa kweli," alisema mama. Akataja timu ya raga ya upande wa pili wa mto, ambayo zamani ilikuwa ikimfanya Avril apige sufuria kwa mwiko. "Nasikia hawakufanya vizuri," alisema mama, akamimina chai. Akataja baraza la mji lililobomoa mabanda ya samaki. Avril akatikisa kichwa. "Ni jambo la kusikitisha mno."

Jioni mama alikuwa akikaanga samaki na viazi. Mafuta yakaruka, yakamdondokea mkononi. Avril akaruka nyuma, mdomo wazi, na Maxine, mtoto wa watu, badala ya kukimbilia maji ya baridi aliinama mbele kusikiliza. Avril akaufumba mdomo. Alichotaka kukisema akakimeza.

"Samahani," alisema. "Nimekushtua."

Maxine akaenda kumfungulia bomba, kwa kuchelewa, na akamshika mkono ule chini ya maji. Vidole vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege. Havikunjuki tena tangu enzi za kisu na barafu. Alikuwa hajavitazama kwa ukaribu siku nyingi.

"Na siku hizi unaigiza nini, mwanangu?" aliuliza Avril kwa sauti yake ya ofisini.

"Kitu kidogo tu."

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ingemlazimu kusema yote. Mama, nimepewa nafasi ya kuwa wewe, na siwezi.

Jumapili asubuhi, saa nne, mlango wa nyuma ukagongwa na kufunguliwa kwa mpigo mmoja. "Ni mimi tu!" Noreen Blanchard, nyonga mbovu, sigara mkononi, hajawahi kusubiri aitikiwe tangu vita viishe. Maxine akamsalimia, akabusiwa mashavu mawili, kisha akasema anakwenda kuoga. Kinasa sauti kilikuwa nyuma ya debe la mkate tangu alfajiri. Alipopita akakibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayepangusa chembe za mkate.

Akalala ndani ya maji ya moto, akasikiliza sakafu. Maneno hayakufika, ila kicheko kilifika. Kicheko cha mama yake, kile kinachoanza na kikohozi na kuishia kwenye kofi la meza. Maxine alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia akiwa chumba kimoja naye. Akakosa.

Jumatatu alikuwa kwa Bi Hester, kaseti mkononi.

"Umempata wapi?"

"Nilijulishwa na mtu."

Wakakaa, paka katikati. Kaseti ikaanza kuzunguka. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa za dhahabu tupu: bei ya samaki, mume wa fulani na meno yake ya bandia, mwanamke wa bingo anayesadikiwa kuiba. Bi Hester alikuwa akiandika, anatabasamu peke yake. "Sikiliza mdomo huo," alinong'ona. "Hauogopi kitu."

Kisha sauti ya Noreen ikasema, "We Avril, n'kuulize. Mwanao akija, mbona unamwongelesha vile? Kama mtu yuko benki! Mi nikikusikia nashikwa na kicheko, najiuma ulimi."

"N'shazoea."

"Unazoea nini? Umemzaa!"

"We cheka tu. Mi n'shachekwa, Noreen." Kikasikika kikombe kikiwekwa. "Ile siku ya mahafali yake. N'lipanda basi na keki yangu mapajani, saa tano nzima, n'kakataa hata kuiweka chini watu wasije wakaikanyaga. Nafika, nasikia watu wanacheka ndani. Nikasema, aa, wanafurahi, vizuri. Nachungulia. Kumbe ni mimi. Kaweka kiatu sikioni, ananiigiza mimi, na we umo, na simu yetu, na wote wanajishika mbavu. Mabinti wa watu na lulu shingoni."

"Ee, Avril."

"N'karudi kwenye ngazi. Keki n'kaiacha pale pale. N'kahesabu mpaka mia, n'kaingia nacheka. Sa' ningefanyaje? Ilikuwa siku yake. Ila tangu hapo nikasema basi. Akija kwangu atapata ile sauti nzuri. Sitaki anionee haya tena."

Kaseti ikaendelea kunguruma. Noreen alikuwa akipenga kamasi.

Maxine hakumwangalia mwalimu. Alikuwa akiangalia paka. Alitamani sakafu ya ghorofa ya tatu ipasuke, ya pili nayo, mpaka chini kabisa kwenye makaa. Miaka kumi na mitano. Kila mlango uliofunguliwa, kila kikombe cha chai, kila "natumaini safari yako ilikuwa njema", mama yake alikuwa akimtunzia heshima yake, naye akidhani ni majivuno ya kizee.

Bi Hester akasimamisha mashine. Hakuwa mjinga, watu wanaoishi kwa masikio si rahisi kuwadanganya. Akamtazama Maxine kwa muda.

"Tunaweza kuchukua kipande kingine," alisema polepole. "Kile cha meno ya bandia kinatosha."

Na hapa msimulizi angependa kusema kwamba Maxine aliichomoa kaseti, akaenda zake. Hakuenda. Alijua, kwa sehemu ile ya akili ambayo kazi yake huimiliki, kwamba kipande kile ndicho chenye kila kitu. Ile "o" ilikuwa mle. Peg mzima alikuwa mle.

"Hapana," alisema. "Hiki hiki."

Namna ya kufundisha ya Bi Hester ilikuwa moja tu, haina huruma. Unasikiliza sentensi, unaisema. Unasikiliza tena, unaisema tena, mpaka kinywa kichoke kubisha. Hupewi sentensi ya pili mpaka ya kwanza ikae. "Kumbe ni mimi." Tena. "Kumbe ni mimi." Taya limekaza, tena. "Kumbe ni mimi." Siku ya kwanza nzima iliishia hapo. Siku ya pili ilikuwa ya keki na mapaja. Siku ya nne wakafika mwisho. "Sitaki anionee haya tena." Maxine aliisema mara thelathini, mara arobaini, na kila mara ilitoka kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mara ya hamsini na kitu sauti ilikatika, machozi yakamshinda, na kwa kuwa alikuwa akilia hakukumbuka kuupanga mdomo. Ukajipanga wenyewe.

"Hapo," alisema Bi Hester kwa upole. "Umefika. Usiguse kitu."

Na moyo wa Maxine ukaruka kwa furaha. Katikati ya kilio, puani kamasi, sehemu moja yake ilipiga makofi na kusema, nimeipata nafasi. Hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote, na hakumwambia mtu.

Akiwa anavaa koti, Bi Hester alimfuata mpaka mlangoni. "Yule mama. Umeshamwomba ruhusa?"

"Ndiyo."

"Maxine."

"Nitamwomba."

Hakumwomba. Wiki ya tatu ikaisha, wakarudi kwenye meza ndefu. Yule fundi wa umeme alikuwepo tena, safari hii anakunja nyaya. Maxine alisoma Peg tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kuanzia ukurasa wa tatu hakuna aliyefunua maandishi yake; walikuwa wakimtazama yeye. Peg alikuwa na hotuba mwishoni, mbele ya banda linalofungwa, na Maxine aliitoa yote kwa sauti ya mwanamke aliyehesabu mpaka mia kwenye ngazi. Alipomaliza wakapiga makofi. Fundi akaweka nyaya chini.

"Ee bwana, huyu sasa wa kwetu!" alisema. "We dada ulikuwa unatuzuga tu siku ile! Mwanamke kama huyo n'naye mtaani, akikohoa namjua."

Maxine akamshukuru. Angalau sifa hiyo ilikuwa imelipiwa, ingawa kwa kitu kisicho chake.

Alirudi kwake jioni, bado mdomo umekaa Hull. Bi Hester alikuwa amemwonya kwamba ungekaa hivyo saa kadhaa. Akasimama mbele ya simu akiwa na koti. Akapiga moyo konde, akazungusha namba.

"Nyumbani kwa Stathers," ikasema simu. "Ni nani mwenzangu anayezungumza, tafadhali?"

Maxine alikuwa ameandaa maneno. Aliyaandaa ndani ya basi, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha London. Lakini mdomo ulikuwa na lake, ukatangulia.

"Ni mimi tu," ukasema.

"Aa, ni we!" Ile sauti ya heshima ikaporomoka yote, kama kwenye kile kichekesho, ila safari hii hapakuwa na wa kucheka. "Mbona umekauka hivyo, Noreen? Mafua? N'likwambia usitoke kichwa wazi na upepo huu, we mbishi kama punda. Chemsha ndimu."

Maxine alijua kabisa la kufanya. Neno moja tu lilitakiwa. Akabana simu sikioni.

"Mm," alisema.

"Gazeti umeliona? Ukurasa wa saba. Maxine wetu kaandikwa! Mchezo wa televisheni, eti anaigiza mpasua samaki. Banda la samaki, Noreen, Maxine! N'kasoma mara mbili, n'kavua miwani n'kaifuta." Avril akacheka, kile kicheko cha kuanzia kwenye kikohozi, kisha kikapungua. "Na alikuwa hapa. Siku mbili, kakaa kiti hicho hicho unachokalia we. Namuuliza, unaigiza nini, ananambia kitu kidogo tu."

Maxine akaegemea ukuta, na Avril akaendelea.

"Mi sina neno. Ana mambo yake. Ila n'kasema moyoni, miaka kumi na tisa nimesimama pale, vidole hivi ndo' ushahidi. Angen'uliza. Ningemwonyesha kisu kinavyoshikwa, na unavyotia mikono kwenye maji moto ukiwa huihisi tena. Ningemwongelesha mpaka mwenyewe aniambie mama nyamaza. Si alikuwa na haja ya kuniuliza tu? We, uko hapo? Umelala?"

"Mama," alisema Maxine. "Ni Maxine."

Kwenye simu kulikuwa na saa ya ukutani ya kule kwao, ile iliyo juu ya kitundikio cha makoti, na Maxine aliisikia ikihesabu sekunde, nne, tano.

"Habari za jioni, Maxine," alisema Avril. "Samahani. Nilikudhania mtu mwingine."

"Mama, tafadhali, usinisemeshe hivyo."

"Natumaini u mzima."

Basi akamwambia. Alisema yote kwa haraka, vibaya, bila mpangilio: kinasa sauti, debe la mkate, bafu alilolifanya kisingizio. Akasema amesikia habari ya mahafali. Akasema ameirudia mara mia na zaidi mbele ya mwalimu, na leo ameitumia mbele ya watu, na watu wamepiga makofi. Akasema anaona haya. Akalirudia hilo, anaona haya, mpaka neno likachuja.

Avril alimwacha amalize.

"Na ile uliyosema sasa hivi," aliuliza kisha, kwa adabu, kama anayeuliza ratiba ya treni. "Ile 'ni mimi tu'. Hiyo nayo ilikuwa ni mimi?"

Maxine akafumba macho. "Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni Noreen kabisa."

"Najua."

"Umeipata vizuri sana." Sauti haikutetereka hata kidogo. "Asante kwa kupiga simu, Maxine."

Simu ikakatwa.

Maxine akabaki na koti lake, simu mkononi inalia tuu, tuu. Mwenye busara angesubiri kesho, angeandika barua, angempa mama nafasi. Lakini alikuwa amesubiri miaka kumi na mitano, na kama subira ni sifa, ile yake haikuwa. Akazungusha namba tena. Ikalia muda mrefu.

"Nyumbani kwa Stathers. Ni nani mwenzangu anayezungumza, tafadhali?"

Sasa mdomo haukutangulia. Ulikuwa umeogopa. Sauti ya London aliipata kwa kizibo cha chupa, ya Hull ameiiba jikoni. Alitafuta nyingine, hakuna. Alichotoa kilikwaruza, kikapasuka katikati, na mwalimu yeyote angekirudisha.

"Ni mimi, mama. Usikate."

Hakukata. Maxine akasikia kile kigoda cha ukumbini kikivutwa, akasikia mama yake akikaa na kushusha pumzi kama alivyokuwa akishusha zamani akitoka kazini, kabla hajavua buti.

"Ile keki," alisema Maxine. Hakujua kwa nini aliuliza hilo, katika yote. "Ile uliyoiacha kwenye ngazi. Ilikuwa keki gani?"

Upande ule Avril akapenga kamasi.

"Ya tangawizi," alisema Avril. "Si ndo' ulokuwa ukipenda, we mtoto."

Na Maxine, aliyeisaka sauti ile wiki tatu kwa hila, alipopewa bure aliona haya hata kuijibu.